Jumamosi Nane za Kumbakisha Mwanangu

Baba yake aliniambia mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kwamba taka zinachukuliwa Jumanne. Amepata kazi Leeds, mbali kaskazini. Inaanza Januari. Huko kuna nyumba yenye ua na vyumba vinne, mkewe ana mimba ya miezi minne, na hapa London, Thornton Heath, wanabanana. Wangependa mtoto ahame nao.

“Lakini hatumlazimishi,” akasema. “Ataulizwa mwenyewe. Akitaka kubaki na wewe, atabaki.”

Nikasema sawa. Mie ni mtu wa hasira, kila anijuaye anajua, lakini siku ile nilisema sawa kama mtu aliyeulizwa iwapo chai imekolea sukari. Nikaenda stesheni, nikakaa kwenye benchi, nikafungua kalenda ya simu. Tulipoachana, miaka minne kabla, msuluhishi mmoja mama wa Kiingereza alituandikia mapatano: mtoto aishi kwa baba yake, karibu na shule, na mie nimchukue kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Msuluhishi huyo huyo ndiye angezungumza na mtoto mwanzoni mwa Desemba na kumuuliza anataka nini. Nikahesabu kwa kidole juu ya kioo cha simu. Jumamosi nane.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na akienda Leeds ningemwona likizo, tena kama mgeni, nikikaribishwa kwenye kochi la mke wa mume wangu wa zamani na kuulizwa kama nakunywa kahawa. Lakini niliposimama pale benchini nilikuwa nimeshajipa moyo. Kama ni kumfurahisha mtoto, nilijua kumfurahisha. Nilikuwa na Jumamosi nane na nilikuwa bingwa wa safari za wikendi.

Ubingwa huo niliupata kazini. Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Nakaa chumbani kwangu Barking, hedifoni masikioni, laptop juu ya meza, na simu zinaingia kutoka hospitali, ofisi za nyumba, shule, kwa mawakili. Upande mmoja yupo mtu wa Kiingereza, upande wa pili yupo mtu wetu, mara nyingi mama wa Kikongo kutoka mashariki, ambaye Kiswahili chake na changu cha Tanga vinapishana kidogo lakini tunaelewana. Sheria ya kazi ni kwamba siongezi neno langu hata moja. Mgonjwa akilalamika kiuno, mie sisemi kwamba huyu mama anaumwa kiuno. Nasema, naumwa kiuno. Basi Jumatatu mpaka Ijumaa naumwa kiuno, nafukuzwa nyumba, mimba imeharibika, naomba tarehe nyingine ya kesi. Ijumaa jioni navua hedifoni na kukumbuka kwamba neno langu mwenyewe la wiki nzima ni ahsante niliyomwambia muuza mkate.

Wakalimani wenzangu nao wako hivyo hivyo, kila mmoja kajifungia chumbani mwake, na wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Tunalo kundi letu kwenye simu. Katikati ya wiki linakaa kimya, lakini ikifika Ijumaa linalipuka kwa picha za tiketi: huyu anakwenda Bath, yule Brighton, mwingine kaona tiketi ya asubuhi ya Cambridge na anamwita kila mtu aharakishe. Mtu aliyekaa siku tano kwenye chumba kimoja ikifika Jumamosi anataka kutoka, popote pale, hata kama ni kwenda kutazama kanisa lililobomoka. Kwangu mie kulikuwa na sababu nyingine ya kutoka, na hiyo sikumwandikia mtu kwenye kundi.

Chumba changu kiko juu ya duka la mazulia, kwenye nyumba tunayopanga watu watano. Jiko moja, bafu moja. Kitanda kinagusana na meza ya kazi, na nikitaka kufungua kabati lazima kiti nikipandishe kitandani. Siku niliyohama kwa baba yake, binti yangu, miaka minane wakati huo, alisimama akishika zipu ya begi langu akauliza atalala wapi akija kwangu. Nikamwambia ana chumba chake. Akauliza rangi gani. Nikasema njano. Ilinitoka tu, wallahi, nilitaka aachie ile zipu.

Basi uongo wenyewe ukawa unadai kulishwa. Wiki iliyofuata akauliza kama kina dirisha, nikampa dirisha. Baadaye nikampa rafu ya vitabu, nikampa meza ya kufanyia hesabu, nikampa na pazia. Nilijiambia kwamba nitahama, nitapata flati, chumba kitakuwepo kweli na hakuna atakayejua. Miaka minne ikapita. Kila Jumamosi nilimchukua mwanangu kwa baba yake nikampeleka kokote isipokuwa kwangu.

Na kuna jambo jingine, hili la kwetu kabisa. Mie nimelelewa na mama asiyetangaza safari. Nyumbani Tanga, mama akienda Dar es Salaam kwa wiki mbili, na sanduku kichwani, jirani akimuuliza kulikoni anajibu anafika sokoni mara moja. Jirani anaona sanduku, mama anaona kwamba jirani ameona, na wote wawili wanaridhika. Kusema unakokwenda kabla hujafika ni kuwapa watu nafasi ya kuitia jicho safari yako. Mie mwenyewe nilipokuja Uingereza, mtaa mzima ulijua baada ya wiki tatu, mama alipoona sasa nimetulia. Nimesoma, nimekaa Ulaya miaka kumi na tano, natafsiri barua za madaktari bingwa, lakini jambo hilo halijanitoka.

Sasa, kwenye mapatano yetu kulikuwa na kipengele kwamba kila Alhamisi nimwandikie baba yake tutakakokuwa Jumamosi. Kwa msuluhishi kilikuwa kipengele kidogo kabisa. Jumamosi ya kwanza kati ya zile nane niliandika ukweli, kwamba tunakwenda Brighton. Ijumaa jioni mkewe akanijibu yeye, kwa upole wote: mfurahie, ila naona kama itanyesha. Ikanyesha. Ikanyesha mvua ya upande, miamvuli ikageuka nje ndani, na mtoto akatapika kwenye treni ya kurudi. Nikasema moyoni, ahaa. Kuanzia hapo kila Alhamisi niliandika kwamba tutakuwa bustanini Crystal Palace, dakika chache kutoka kwao, na Jumamosi nikaenda nilikotaka.

Tukaenda Cambridge. Tukaenda Canterbury, tukaenda Windsor, tukaenda Oxford. Ijumaa nilikuwa nasukuma chapati mpaka mabega yanauma, nachemsha mayai, nafunga kila kitu kwenye karatasi ya foili, natia chai kwenye chupa. Sikumwambia hata mtoto tunakokwenda. Nilitaka ashangae. Nilimwekea na sharti kwamba simu yake aiache nyumbani, siku ya mama ni ya mama. Kwenye treni nilizungumza bila kumeza mate. Mtu aliyenyamaza siku tano akifunguliwa mdomo, jamani, hata yeye mwenyewe hajisikii. Nilimweleza habari za wafalme, za maaskofu waliochinjwa, za wanafunzi wa miaka mia nane iliyopita, mambo niliyoyasoma usiku uliotangulia, na yeye ananitazama kwa macho ya adabu kisha anaegemea dirisha na kulala.

Kiswahili mwanangu anakielewa chote, hata matusi, lakini majibu yake ni Kiingereza. Nikimuuliza amependa, anasema ndiyo, pamezuri. Nikimuuliza zaidi kuliko wiki iliyopita, anasema pote pazuri. Nilitamani nimtikise. Nilikuwa napigania roho yangu pale na mtu ananijibu kama anajaza fomu. Cambridge, tulipokaa kando ya mto na kuwatazama watalii wakizungushana kwenye vile vijimashua vya bapa, akaniuliza kama siku moja tunaweza kwenda kwangu badala ya kusafiri. Nikamwambia wanapaka rangi ngazi, harufu ingemuumiza kichwa. Canterbury akauliza tena, bomba lilikuwa limepasuka. Windsor nilikuwa na mgeni. Oxford hakuuliza, nikashukuru Mungu, nikadhani ameanza kuzifurahia safari.

Jumamosi ya sita ilikuwa katikati ya Novemba, zamu ya Hastings. Alhamisi nikaandika Crystal Palace kama kawaida. Baba yake akajibu kwa alama ya kidole gumba.

Nikisema leo kwamba siku ile ilikuwa nzuri nitaonekana sina akili, lakini ilikuwa nzuri. Upepo ulikuwa mkali wa kusukuma mtu, ufukwe mzima ni kokoto, hakuna mtu mwenye busara aliyetoka nje. Tulikaa tumejibanza nyuma ya ukuta. Nilipofungua foili upepo ukanyakua chapati ya juu, ikaruka na kumpiga kifuani mzee mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa, na mbwa akaila kabla mzee hajajua kilichomgonga. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye mawe. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu akiwa na miaka minane. Baadaye tulipotembea alitia mkono wake kwenye mfuko wa koti langu, mkono wangu ukiwa humo humo, na akauacha. Nikasema, yamekwisha, nimeshinda, huyu haendi Leeds wala nini.

Tukapanda treni ya saa nane na nusu. Kabla ya saa kumi ikasimama katikati ya mashamba, na sauti ikatangaza kwamba mti umeanguka juu ya reli mbele yetu. Giza likaingia. Simu yangu ilikuwa na chaji kidogo, kwa sababu nilikuwa nimepiga picha asubuhi nzima, lakini ilikuwepo. Hilo ndilo nataka kulisema bila kulizungusha. Chaji ilikuwepo.

Mwanangu akanitazama. “Mpigie baba,” akasema kwa Kiingereza.

“Nitampigia tukikaribia.”

Kwa sababu nikimpigia ataniuliza tuko wapi. Na nikisema tumekwama kwenye mashamba ya Sussex, itajulikana kwamba hatukuwa Crystal Palace, wala Jumamosi iliyopita hatukuwa Crystal Palace. Nilipiga hesabu zangu: treni ikiondoka baada ya nusu saa, tutawahi saa kumi na mbili, na hakuna atakayejua. Nusu saa ikapita nikapiga hesabu nyingine. Mwanangu akaniambia mara ya pili, nikamwambia atulie. Mara ya tatu hakusema, alinyoosha tu mkono aombe simu, nami nikaigeuza upande wa pili. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, bado tumesimama, ndipo nikaona sasa lazima. Nikabonyeza namba ya baba yake na simu ikazimika mkononi.

Kijana aliyekaa mbele yetu akatupa simu yake, akasema tupige tu. Nikaishika. Namba siijui kwa kichwa. Miaka kumi ya ndoa na minne ya kuachana, sijui namba ya yule mtu, na mtoto naye hajui, kwa sababu namba zote ziko kwenye simu yake, na simu yake iko nyumbani kwa sharti langu. Nikamrudishia kijana wa watu simu yake nikasema ahsante. Mwanangu akageukia dirishani, na safari hii hakulala.

Tulifika Thornton Heath saa mbili na nusu. Mlango ulikuwa wazi na taa zote zinawaka. Sebuleni alikuwepo askari polisi mwanamke na daftari magotini. Mke wa baba yake alikuwa amekaa kwenye ngazi, mimba yake mapajani, soksi zimelowa, matope mpaka magotini. Alikuwa amezunguka ile bustani ya Crystal Palace gizani tangu saa kumi na mbili na robo, na tochi ya simu, akiita jina la mwanangu. Huyu ndiye mwanamke niliyekuwa naogopa jicho lake. Mtoto alimkimbilia yeye. Alimkimbilia, akamkumbatia shingoni, akalia, na yule mama akalia, na mie nikabaki nimesimama kwenye zulia na mfuko wangu wa foili na chupa ya chai.

Nilianza kueleza. Mti, treni, simu. Baba yake akanisubiri nimalize. Hakupandisha sauti.

“Nilikuwa natafuta maiti ya mwanangu kwenye ziwa,” akasema.

Nikarudi Barking. Kundi la simu lilikuwa limejaa picha za wenzangu, mtu na keki, mtu na daraja. Nikaizima simu.

Jumamosi ya saba ilifutwa. Msuluhishi akawahisha mazungumzo yake na mtoto, wakakutana Jumatano, na Ijumaa tukaitwa wazazi wote wawili kwa video. Nilifungua laptop ile ile, kwenye meza ile ile, nikavaa hedifoni zile zile za kazi. Niligeuza kamera ili kitanda kisionekane. Katika yote yaliyokuwa yameshaharibika, hilo nililikumbuka.

Msuluhishi alisoma taratibu, kwa huruma, alivyoyaandika mwenyewe. Alisema mtoto anasema hivi, mtoto anaona hivi. Lakini mie nimezoea. Sauti ikiingia sikioni kwa Kiingereza, kichwani inatoka kwa Kiswahili na msemaji anakuwa mimi, sina namna ya kuizuia. Basi nilikaa pale kwenye kiti changu cha kazi na kuyasema yote moyoni kama simu nyingine yoyote.

Nimechoka na treni. Sijui ninakopelekwa mpaka nifike. Mama anaongea sana halafu anataka niseme nimefurahi, na mimi nasema. Kila wiki naomba twende kwake na kila wiki kuna sababu. Najua hakuna chumba. Nilijua tangu nina miaka tisa, kwa sababu nilimuuliza dirisha linatazama wapi akanijibu mti, na mwezi uliofuata akanijibu barabara. Sikumwambia kwamba najua kwa sababu angehuzunika. Sikuwa nataka chumba. Nilikuwa nataka kuona anapoishi. Nafikiri hataki niingie kwake. Nataka kwenda Leeds.

Msuluhishi akauliza kama nina la kusema. Siku zote naulizwa na watu wa kila aina kama mteja ana la kusema, na siku zote linakuwepo neno la mtu la kuchukua. Safari hii lilitakiwa langu. Nikasema tu kwamba nimesikia.

Nililia siku mbili. Tena si kulia kwa staha, nililia kwa makelele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta, kisha akaja mlangoni na bakuli la supu, akaniachia na kuondoka bila kuuliza. Nilimkasirikia kila mtu. Nilimkasirikia baba yake kwa kazi yake, mkewe kwa soksi zake zilizolowa, mama yangu kwa masanduku yake ya sokoni. Nilikasirika mpaka hasira ikaniishia, ndipo nikabaki na mtoto wa miaka tisa anayeuliza habari za dirisha huku anajua kwamba hakuna dirisha, na anaendelea kuuliza miaka mitatu.

Baba yake ana roho nzuri kuliko yangu. Aliniachia Jumamosi ya nane, ya kuagana. Alhamisi nikamwandikia anwani yangu, namba ya nyumba, postikodi, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Nilisoma ule ujumbe mara nyingi kabla ya kuutuma, kama naungama. Nikaongeza: naomba aje na simu yake.

Sikufanya usafi wa kudanganya. Nilipiga deki kama kawaida. Nilimchukua Thornton Heath saa tatu, na kwenye treni zote mbili nilinyamaza. Yeye ndiye aliyezungumza kidogo, akanieleza habari za shule mpya, sare ni ya kijani na tayari wameinunua. Nikasema kijani kitampendeza. Tukapita mlango wa duka la mazulia, tukapanda ngazi, nikafungua.

Alisimama kizingitini. Hapakuwa na pa kutazama sana, macho yanamaliza chumba kabla mtu hajavua koti. Nikasubiri aniulize. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote, hata la matusi. Akaingia, akapita ubavu kati ya meza na kitanda kama ninavyopita mie, akashika hedifoni zangu, akazivaa, akazivua. Akafungua kabati, mlango ukagonga kiti. Akakiinua kiti mwenyewe akakipandisha kitandani, akafungua kabati, akatazama nguo zangu, akafunga, akakishusha.

“Unalala upande gani?” akauliza kwa Kiingereza.

Nikamwambia wa ukutani.

Akavua viatu. Akapanda kitandani na koti lake, akalala upande wa nje, akaacha nafasi ukutani, akaipiga kwa kiganja mara mbili. Nikamwambia kitanda ni cha mtu mmoja, ataanguka. Akaendelea kupiga kiganja. Basi nikamruka, nikajilaza kwa ubavu, mgongo kwenye ukuta wa baridi, na yeye akasogea nyuma mpaka nywele zake zikanijaa usoni. Chini watu walikuwa wanaburuta mazulia. Tulikaa hivyo mpaka nikasikia pumzi yake imebadilika, amelala, si ule usingizi wa kwenye treni wa kuegemea kioo, amelala kabisa na mdomo wazi.

Chakula nilichompikia kilipoa jikoni. Mkono wangu ulikufa ganzi chini yake na sikuutoa. Nilikuwa napima. Kutoka ukutani hadi ukingoni, mie na yeye, na bado ilibaki nafasi ya kiganja kimoja. Akiwa na miaka minane, tisa, kumi, ingebaki kubwa zaidi. Kila Jumamosi ya miaka minne angetosha hapa.

Saa kumi na robo nikamwamsha, kwa sababu kutoka Barking hadi Thornton Heath ni zaidi ya saa nzima na baba yake alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.